Iliyobeba Injini Itabeba Mtu

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Nimeanza. Bibi, mke wangu, kasema niandike, na mimi sijawahi kumbishia mwanamke anayeshinda na sindano ya kushonea mkononi. Yuko hospitali. Miguu imevimba, pumzi fupi, daktari anasema moyo umechoka kusukuma. Jana nilimweleza jinsi nilivyokutana na nyoka njiani akanipisha, akaniamkia. Akacheka mpaka akakohoa, sista akaja kuniangalia kwa jicho baya. Bibi alipotulia akasema kila siku namletea uongo mpya, sasa nitafute daftari niandike ya kweli tupu, akitoka atasoma mwenyewe aone siku zake zilipita vipi.

Basi haya ndiyo ya kweli. Mimi shule sikuingia hata kuomba maji ya kunywa. Herufi nilizisoma ubavuni mwa mabehewa. Yakisimama nasoma, yakiondoka nakimbia nayo nimalize neno. Ndiyo maana mwandiko wangu mpaka leo unakimbia.

Toka hapa nyumbani mpaka hospitali kuna njia mbili. Kuna barabara, inazunguka mlima wote kama mtu anayeogopa kuomba mkopo. Halafu kuna reli, inakwenda moja kwa moja. Reli yenyewe haipo tena. Waling'oa vyuma, wakaondoa mataruma yaliyolala chini yake, wakamwaga changarawe, wakaweka mabenchi na vibao vya kukataza takataka. Siku hizi ni njia ya matembezi. Wanakuja watu wa mjini na kofia zao na fimbo mbili mbili, wazima kabisa, wanatembea mpaka wachoke halafu wanarudi walikotoka. Hawaendi popote. Ninayekwenda mahali ni mimi peke yangu. Natoka alfajiri, nafika saa za kuona wagonjwa, kengele ikilia natolewa, maana wodi ya wanawake mwanamume halali. Nafika nyumbani kuku wameshaingia bandani bila kuhesabiwa.

Tarehe 3

Nimekwenda, nimerudi. Kanywa uji nusu kikombe.

Tarehe 5

Jirani yangu ni fundi wa pikipiki, mtu mzima mwenye mvi zake. Tunamwita Polepole. Akipita na pikipiki yake kuku hawakimbii, wanamwangalia tu. Niliwahi kumwona akipitwa na mazishi.

Leo kaja akasimama mlangoni. Yeye hagongi, husimama mpaka umwone. Akasema mvua zinakaribia, na akiwa hana kazi anaweza kunipeleka hospitali kwa barabara. Nikamshukuru, nikamwambia nataka kumkuta mke wangu kabla hajazeeka. Hakucheka. Polepole ukimpa mzaha anauangalia kama mtu anayetafuta skrubu iliyodondoka kwenye majani.

Tarehe 6

Nimekwenda. Sista kanizoea, ananiita Mzee Injini kama kila mtu.

Tarehe 8

Mvua ya kwanza. Imenikuta nikirudi, nikajibanza kwenye banda la stesheni ya zamani pamoja na watembeaji wanne. Watu wamelowa, hawana pa kwenda, na mimi nimekaa katikati yao. Ni kama kumpa fisi funguo za bucha.

Nikawapa hadithi ya kalvati. Pale bondeni reli inapita juu ya tuta, na chini ya tuta kuna kalvati linalopitisha kijito. Nikawaambia hilo nimelijenga mimi. Injinia alikuja na makaratasi yake akasema hapa hapajengeki, tope halina mwisho. Nikamwambia mkubwa wangu, wewe nenda kanywe chai. Nikalilisha lile tope mawe mpaka likashiba, likabeua. Injini ya kwanza ilipokuja dereva akagoma kupita. Nikateremka nikasimama ndani ya kalvati, nikapiga mluzi, nikamwambia pita. Ikapita juu ya kichwa changu nakula karanga, haikudondoka hata moja. Kijana mmoja alikuwa haamini wala hakatai. Kanipa biskuti.

Ya kweli, kwa kuwa Bibi atasoma: tulilijenga genge zima la vibarua wa reli, na mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, kazi yangu kubeba maji. Na siku ya treni ya kwanza nilikuwa ndani ya kalvati kweli, ila nimelala nakwepa kazi, ikanikuta humo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaniisha. Lakini zege halikutikisika. Hilo si uongo. Na genge letu lilikuwa na msemo, mnyapara alitufundisha: iliyobeba injini itabeba mtu. Ukikuta daraja, ukikuta tuta, huulizi maswali. Injini ilipita? Pita.

Tarehe 9

Mvua.

Tarehe 11

Leo hakucheka. Nilimletea ile ya stesheni masta aliyepigia saluti behewa la ng'ombe akidhani mkubwa yumo ndani. Toka tuoane hadithi hiyo haijawahi kukosa. Aliniangalia tu.

Kitanda cha dirishani, cha yule mama aliyekuwa analalamika upepo, kimetandikwa shuka safi. Nikauliza, karuhusiwa? Bibi akasema kafa asubuhi. Nikauliza nani alikuwa naye. Akasema mfagiaji. Sista alikuwa kaitwa wodi nyingine, akabaki mfagiaji, kasimama na ufagio wake, hajui auweke wapi. Watoto wa yule mama walikuja saa za wagonjwa wamebeba matunda.

Halafu akanishika kidole, kidole kimoja tu, kama anavyoshika kitambaa akipima.

"Mimi siogopi kufa, Mzee. Nimechoka hata kuogopa. Ila usiniache nife na wageni."

Nikamwambia nani kakuambia unakufa, wewe utanizika mimi na utaolewa tena na mtu mwenye meno.

"Sijakuuliza hilo," akasema. "Niahidi."

Nikaahidi. Huyu mwanamke nimemwahidi nyumba ya ghorofa. Nimemwahidi cherehani ya umeme, na safari ndani ya behewa la wakubwa, lenye viti vya ngozi. Ahadi zote hizo alizicheka na hakuna hata moja aliyonidai. Hii hakuicheka.

Tarehe 12

Mvua toka nyumbani mpaka kitandani kwake. Nimelowa mpaka kwenye mawazo.

Tarehe 14

Nilimfuata sista mkuu nikaomba nilale wodini, hata sakafuni, hata chini ya kitanda. Akasema wodi ya wanawake, haiwezekani. Nikamwambia kwa umri wangu mimi si mwanamume tena, nihesabu kama kabati. Wagonjwa wote walicheka, sista pia akacheka, na mimi nikarudi nyumbani. Ndivyo mambo yangu yalivyo. Wananicheka vizuri, halafu wananifungia mlango.

Ila kafanya jambo moja. Simu yangu imekufa, imebaki kuwa ya kuvunjia karanga, basi akachukua namba ya Polepole. Akasema Mama akizidiwa atapiga, nije hata kama si saa zake, atanifungulia.

Tarehe 15

Nimekwenda. Uji hakuutaka.

Tarehe 16

Vivyo hivyo.

Tarehe 17

Pale bondeni nimekuta kamba. Imefungwa kwenye vigingi, imezuia njia nzima, na kibao chekundu. Nyuma ya kamba kasimama Bwana Changarawe. Huyo ndiye msimamizi wa njia, kijana wa halmashauri, tunamwita hivyo kwa sababu dawa yake ya kila kitu ni changarawe. Kuna shimo, changarawe. Kuna tope, changarawe. Akiumwa tumbo naamini anakunywa changarawe.

Akaniamkia vizuri, shikamoo yake haina kasoro. Akasema, mzee, hapa hapapitiki, maji yamejaa upande wa juu na yanapita ndani ya tuta, hayapiti kwenye kalvati. Ukisimama kimya utayasikia. Nikamwambia mimi nikisimama kimya naumwa. Nikamuuliza yeye alizaliwa lini. Aliponiambia nikamwambia mwaka huo kalvati langu lilikuwa limeshabeba treni nyingi kuliko siku alizonyonya. Watembeaji wawili walikuwepo, wakacheka. Basi walipocheka na mimi nikavimba kichwa, nikanyanyua kamba, nikapita chini yake, nikaruka ruka pale katikati ya tuta kwa miguu yote miwili.

"Iliyobeba injini itabeba mtu," nikamwambia.

 Alikuwa anaangalia miguu yangu, uso wake umebadilika rangi. Nilidhani ni aibu.

Tarehe 18

Nimepita chini ya kamba. Nimerudi chini ya kamba.

Tarehe 19

Nimepita. Anapumua kama mtu anayepanda ngazi, na kalala.

Tarehe 21

Nuru ya macho inamtoka taratibu. Nilikaa mbele yake, nimemshika mkono, nasimulia, naye akauliza, "Umefika?" Nikasema nimefika muda mrefu.  Baada ya kidogo akauliza tena, umefika? Sista anasema ni dawa, na ni maji yamepanda, na ni kila kitu. Nikaacha kusimulia. Nikawa najibu tu: nimefika. Kila akiuliza, nimefika. Kengele ilipolia alikuwa anauliza. Nilijibu nikiwa mlangoni, kwa sauti, wodi nzima ikageuka.

Njia nzima kurudi sikuona kitu. Binti yetu anapika kwenye shule ya bweni, mbali, zaidi ya siku nzima kwa basi. Polepole alimpigia kwa niaba yangu. Anakuja barabara za huko zikifunguliwa.

Tarehe 22

Polepole kasimama mlangoni tena. Kasema kesho anaweza kunipeleka, na keshokutwa, na kila siku mpaka mvua ziishe, kazi zitamngoja. Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akitoa kwa mpigo, nikadhani anaumwa. Nikamwambia akiacha kazi watu watakosa pa kupeleka pikipiki zao zikaharibiwe. Akasema sawa Mzee. Aliondoka kaacha sufuria ya supu kwenye kizingiti. Niliiona usiku, imepoa. Niliinywa nimesimama. Ilikuwa na chumvi nyingi, supu ya mtu anayeishi peke yake.

Nikiandika haya namwona kwa dirisha langu, taa yake inawaka, anafuta spana moja moja. Nimekaa jirani na huyu mtu miaka yote hii na sijui hata jina la mama yake.

Tarehe 24

Naandika haya tarehe 26. Tarehe 24 sikuandika.

Mvua ilipiga usiku kucha. Kulipoanza kupambazuka Polepole akagonga mlango. Aligonga, yeye asiyegonga. Sista alikuwa kapiga simu. Maneno yake alinipa kama alivyopewa, hakuongeza wala hakupunguza: mwambie mzee aje sasa hivi, asingoje saa za wagonjwa, Mama anamuulizia.

Pikipiki ilikuwa imewashwa, inangurumia mvuani. Yeye kavaa koti la mvua, na mkononi kashika jingine.

"Panda, Mzee. Barabara ni ndefu, lakini inapitika."

Sasa hapa niandike polepole. Nilikuwa naogopa. Na mimi nikiogopa mdomo ndio unaotangulia kutoka nje. Ungekuwa na adabu ungengoja. Nikamwambia, "Na wewe nitafika mwaka gani? Mimi napita relini. Wewe zunguka mlima wako. Tuone nani atakayemkuta mwenzake."

"Kamba bado ipo pale, Mzee."

"Iliyobeba injini itabeba mtu."

Aliniangalia. Hajui kubishana, huyu. Akanivalisha lile koti la pili, akanifunga vifungo mwenyewe kama mtoto, akasema basi yeye anatangulia kwa barabara, nitamkuta mlangoni. Akaondoka kwa mwendo wake uleule. Nilimwona akikata kona, nikacheka. Peke yangu, kwa sauti, asubuhi ile. Nilicheka.

Nilitembea vizuri. Ile njia naijua kuliko nyumba yangu. Pale kwenye mkato wa mwamba, pale mnyapara alipokuwa anatuhesabu, pale pa nyuki. Mabenchi yamesimama ndani ya maji, vibao vyao vinakataza takataka na takataka zinapita chini yake. Na kichwani nilikuwa natunga, Mungu anisamehe. Nilikuwa natunga jinsi nitakavyomwambia Bibi kwamba nimeshindana na pikipiki na nimeishinda, na ilivyoniomba msamaha.

Nilisikia kabla sijaona. Maji yalikuwa yanasikika mahali yasipotakiwa kuwa.

Kamba ya Bwana Changarawe ilikuwa imebaki kwenye kigingi kimoja, ncha yake inacheza ndani ya maji. Tuta halikuwepo. Huku niliposimama lilikuwepo na kule ng'ambo lilikuwepo, katikati pana pengo la urefu wa behewa zima, na maji mekundu yanapita humo yamebeba miti. Na kalvati langu, kalvati langu lilikuwa zima. Limekaa palepale, halina hata ufa. Ila mdomo wake umeziba. Matope, matawi, majani ya miaka, mpaka juu. Maji yalikuja yakakuta mlango umefungwa, yakapita ubavuni, yakala udongo usiku kucha.

Kila mwaka kabla ya mvua genge lilikuja pale na fito ndefu na majembe, tukauzibua ule mdomo. Kila mwaka. Hatukuhesabu kama kazi, lilikuwa jambo la kufanya kabla ya chai. Toka treni isimame hakuna aliyechomeka ufito pale. Na mimi nilipita juu yake kila siku, nikajisifu juu yake, nikaruka ruka juu yake, sikuinama hata siku moja kuchungulia. Msemo wetu ulitaja injini. Haukutaja fito.

Nikashuka. Maji yalinikamata kiunoni, yakanigeuza, yakanirudisha upande uleule kama mlinzi anavyomrudisha mlevi. Nikapanda juu kidogo nikajaribu tena. Kiatu kikaenda. Mara ya tatu nilishika mzizi, mzizi ukang'oka, nikanywa matope, nikajikuta nimekumbatia ukingo. Ng'ambo naliona benchi. Mvua ikapungua kidogo, na toka pale, kukiwa kweupe, bati la hospitali linaonekana. Nililiona. Nikaita. Sijui nilikuwa namwita nani. Niliita kama siku ile nilipokuwa ndani ya kalvati na treni juu, mpaka sauti ikaisha.

Nikageuka. Mzee kama mimi na kiatu kimoja, nikakimbia njia yote niliyokuja, nikafika barabarani, nikasimama katikati ya lami mpaka lori la matofali likasimama. Dereva akaniuliza naenda wapi. Nilikosa sauti ya kumjibu, nikaonyesha kwa kidole. Nilifika mchana.

Polepole alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, helmeti mapajani. Aliponiona akasimama.

Tarehe 27

Nimemuuliza. Ilibidi nimuulize, yeye hawezi kuanza.

Walimzuia mlangoni, akasema yeye ni wa nyumbani, wakamwachia. Bibi alikuwa kageukia ukutani. Aliposikia hatua akageuza uso akasema, "Umefika?"

Polepole anasema aligeuka nyuma, akaangalia mlangoni labda nimeshafika. Hapakuwa na mtu. Bibi akauliza tena.

Akasema, "Nimefika."

Akawa anatafuta mkono juu ya shuka. Polepole akafuta mafuta ya pikipiki kwenye suruali, akampa wa kwake. Bibi akaushika. Akasema, "Umelowa." Polepole akasema, "Mvua." Basi. Wakakaa hivyo. Sista alipokuja akakuta kumekwisha, na yeye Polepole hajajua, bado kashika.

Nikamuuliza kwa nini alijibu. Akasema hakujua aseme nini kingine.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kupiga magoti mbele yake. Nilibaki nimekaa. Maisha yangu yote nimesema uongo, barabarani, relini, kitandani, kwa biskuti na bila biskuti, na hakuna hata mmoja uliomfaa mtu siku ya shida. Huyu hajawahi kusema wowote. Kasema mmoja, neno moja, na lilikuwa langu.

Tarehe 28

Tumemzika. Mvua ilitupa nafasi kidogo.

Tarehe 31

Binti yetu kafika, barabara imefunguliwa. Kalia mlangoni, kalia kitandani kwa mama yake, kakuta cherehani imefunikwa kitambaa, kalia hapo tena. Kumbe jioni ya siku ile ya kifo alikuwa kapiga simu kwa Polepole akauliza, Baba alifika? Na Polepole akasema alifika, akampa na maneno ya mwisho ya mama yake kama yalivyosemwa, umefika, umelowa, bila kutaja aliyeambiwa. Toka hapo habari imezunguka mtaa mzima. Wanawake wanaokuja kumpa pole wananiangalia kwa heshima ambayo sijawahi kuiona machoni mwao. Mmoja kasema, kumbe Mzee Injini ana moyo, tulidhani ana mdomo tu.

Tarehe 1, mwezi wa nne

Nimemwambia. Tulikuwa jikoni anaosha vikombe vya wageni.

"Mwanangu, mimi sikufika."

"Wapi?"

"Kwa mama yako. Nilipita relini, tuta lilikuwa limekatika. Polepole aliniletea pikipiki mpaka mlangoni nikamcheka. Nilifika mchana. Aliyemshika mkono ni yeye."

Akaweka kikombe chini. Nikaona anataka kutabasamu, tabasamu lile la mama yake ninapoanza kutunga.

"Baba. Leo usinitanie."

"Sitanii."

"Toka nizaliwe unasema hutanii."

Nikamwambia tena yote, toka mwanzo, bila kupamba. Kamba, pengo, kiatu, lori la matofali. Kadiri nilivyosema ndivyo ilivyozidi kuwa hadithi yangu. Mdomo huu hata kweli ukiipitisha inatoka imevaa kofia. Nilipofika kwenye mzizi uliong'oka akanishika mkono kuninyamazisha.

"Mama kakuuliza umefika, ukamwambia umefika. Kakuambia umelowa. Ni mama kabisa huyo, Baba, nani angeweza kuyatunga?"

"Ni maneno yake. Aliyeambiwa ni mwingine."

"Nakuomba," akasema. "Hilo niachie."

Nikamwachia. Sijui hakuniamini, au aliniamini akakataa. Alinifunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akarudi kwenye vikombe.

Tarehe 4

Kaondoka na basi la asubuhi. Kachukua sindano za mama yake na mkasi. Dirishani alikuwa ananipungia kama mtu anayemwacha baba mwema.

Tarehe 9

Mvua ndogo.

Tarehe 10

Bwana Changarawe kaja kunipa pole. Hakutaja kamba. Ningependa angetaja.

Tarehe 17

Jua. Wanasema pengo limejazwa, wameweka bomba kubwa jipya, watembeaji wamerudi na fimbo zao. Wananiulizia pale stesheni. Mimi sijakanyaga huko. Kuku wangu wametaga chini ya kitanda chake na sijawafukuza.

Tarehe 21

Kumekauka kabisa. Vumbi limeanza.

Siku hizi Polepole anakuja kila jioni. Anasimama mlangoni, namwona, anaingia, anakaa. Namwomba anisimulie. Kila jioni namwomba, na kila jioni anasimulia vilevile, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Kasema umefika, nikasema nimefika. Akatafuta mkono, nikafuta mafuta, nikampa. Kasema umelowa, nikasema mvua.

Mimi ningepewa hiyo ningeisimulia mpaka kupambazuke, na watu wangelia.

Leo nikamwambia, Polepole, niongezee. Neno moja tu. Sema alinitaja. Sema alicheka, hata kidogo, hata kwa pua. Mimi ni mtu wa uongo, nitaumeza, hautanikwama.

 Alitoa kitambaa akafuta mikono ambayo haikuwa na mafuta. Nilimwona anajaribu kweli.

"Hapakuwa na zaidi, Mzee," akasema.